Roald Dahl alipita hapa: baba wa mtoto wa kichwa maji

Watoto wetu wa shule wanamjua Roald Dahl kwa vitabu vyake vya hadithi, hasa kile cha kiwanda cha chokoleti. Wachache wanajua kwamba mtu huyu alifika bandari ya Mombasa mwaka 1938, kijana wa miaka 22, mrefu kama mlingoti, akabadilisha meli na kuteremka Dar es Salaam kuuza mafuta ya kampuni ya Shell. Alijifunza Kiswahili, akaugua malaria kama sisi, na vita vilipozuka mwaka 1939 akaendesha gari kutoka Dar hadi Nairobi kwenda kujifunza urubani.

Lakini leo siandiki habari za vitabu wala za ndege. Namwandika kama mzazi. Mimi ni mjomba wa mtoto mwenye kichwa maji, na ni katika kutafuta habari za kile kifaa alichowekwa mpwa wangu kichwani, ambacho wazazi hukiita shanti, ndipo nilipokutana na jina la Dahl. Sikulitarajia pale. Nikaanza kusoma maisha yake, na kadiri nilivyosoma ndivyo nilivyomuona dada yangu.

Dahl alizaliwa tarehe 13 Septemba 1916 Llandaff, Cardiff, nchini Wales. Wazazi wake walikuwa watu wa Norway. Alipokuwa na miaka mitatu, dadake mkubwa Astri alifariki kwa ugonjwa wa kidole tumbo, akiwa na miaka saba, na wiki chache baadaye baba yao akafuata kwa homa ya mapafu. Mama akabaki na watoto wadogo katika nchi ya ugenini. Ukiujua mwanzo huu, utaelewa kwa nini baadaye mtu huyu hakuwa na subira na maradhi.

Vita navipita haraka. Septemba 1940 ndege yake ilianguka katika jangwa la Libya, akaumia vibaya kichwani, akakaa kwa muda bila kuona, akalazwa Alexandria. Miaka miwili baadaye, hadithi yake ya kwanza ilipochapishwa Marekani, ajali ile iligeuka kuwa ndege iliyotunguliwa na adui. Ukweli ni kwamba mafuta yalikuwa yakimwishia na giza likimwingilia, akajaribu kutua jangwani. Kwa hivyo msomaji wa Dahl ajue mapema kwamba alikuwa mtu wa kuongeza chumvi. Mambo ninayoyaeleza hapa chini yana mashahidi wengine.

Mwaka 1953 alimuoa Patricia Neal, mwigizaji wa filamu wa Kimarekani. Walipata Olivia mwaka 1955, Tessa mwaka 1957, na katikati ya mwaka 1960 wakapata mwana, Theo. Tarehe 5 Desemba mwaka huo, Theo akiwa na miezi minne tu, yaya alikuwa akimsukuma katika kigari chake barabarani New York. Teksi ikakigonga kigari kile, kikarushwa na kugonga ubavu wa basi. Fuvu la mtoto likavunjika.

Alipona kufa, kisha kichwa kikaanza kujaa maji.

Nieleze kidogo, maana hata sisi wenye mtoto ilituchukua muda kuelewa. Ndani ya ubongo wa kila mtu hutengenezwa maji kila siku. Maji hayo hupita katika njia zake na mwishowe kunyonywa na damu. Njia ikiziba, kwa kuzaliwa hivyo, kwa maambukizi au kwa damu iliyovuja baada ya ajali, maji hujikusanya. Fuvu la mtoto mchanga bado laini, basi kichwa kinapanuka na ubongo unabanwa. Dawa yake ni kuweka mrija mwembamba chini ya ngozi, utoe maji yale na kuyapeleka mahali pengine mwilini. Siku hizi hupelekwa tumboni. Wakati ule yalielekezwa kwenye mshipa mkubwa wa damu unaoingia moyoni. Katikati ya mrija kuna valvu inayoruhusu maji kushuka na kuyazuia kurudi juu. Valvu ndiyo moyo wa kifaa.

Na valvu ndiyo iliyokuwa ikimtesa Theo. Ile aliyowekwa ilikuwa aina bora ya wakati huo, kazi ya John Holter, fundi wa mitambo huko Philadelphia, ambaye naye aliitengeneza miaka ya 1950 kwa kuwa mwanawe alizaliwa na mgongo wazi na kichwa maji. Lakini ubongo uliowahi kuvuja damu hubakisha uchafu, na uchafu ule uliziba valvu mara kwa mara. Kila ilipoziba mtoto alishikwa na homa, akawa hoi, macho yakapoteza nuru, na wazazi wakakimbia naye hospitali afunguliwe upya. Anarudi nyumbani, wanaanza tena kumchunguza: leo amecheka? ameufuata mkono kwa macho? mbona amelala sana?

Nikisoma hapo niliweka kitabu chini. Dada yangu anaishi hivyo kwa mwaka wa sita sasa. Mtoto akitapika maziwa yeye hafikirii tumbo, anafikiria shanti. Akilala kupita saa yake, anamuamsha. Usingizi wa dada yangu ni wa vipande vipande, kama wa baharia wa zamu.

Dahl alikuwa na pesa, alikuwa na yaya, alikuwa na marafiki madaktari. Hayo yote ni kweli na siyafichi. Lakini pesa haikumfungulia mwanawe valvu. Familia ilihamia kijiji cha Great Missenden, Uingereza, na huko Dahl akamkumbuka mtu mmoja aliyemjua kwa sababu ya mchezo wake wa ndege ndogo za kuchezea. Mtu huyo, Stanley Wade, alikuwa fundi wa kutengeneza vipampu vidogo sana vya kusukuma mafuta katika injini za ndege hizo, vipampu visivyoziba. Dahl akamkutanisha na Kenneth Till, daktari wa upasuaji wa ubongo katika hospitali ya watoto ya Great Ormond Street, London. Baba, fundi na daktari wakakaa pamoja. Till alieleza kinachotokea ndani ya kichwa, Wade akachonga, na Dahl akawa msukumaji wa kazi, hodari wa kupiga simu na kuandika barua.

Valvu yao ilikuwa na visahani vidogo vya chuma vilivyofunguka kwa shinikizo la maji na kujifunga yakitaka kurudi. Haikuziba kwa urahisi, iliweza kuchemshwa kuua vijidudu, na bei yake ilikuwa chini kabisa ya zile zilizokuwepo. Wakakubaliana wote watatu kwamba hakuna atakayechuma faida. Ilianza kutumika mwaka 1962 na watoto karibu 3,000 katika nchi mbalimbali wakawekewa kabla ya valvu mpya zaidi kuchukua nafasi yake. Theo mwenyewe hakuihitaji. Ilipokuwa tayari, alikuwa ameshapata nafuu ya kutosha kuishi bila hiyo, na alikua hadi kuwa mtu mzima.

Habari ya bei inatuhusu sisi watu wa huku. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, katika hospitali ya watoto ya CURE huko Mbale, Uganda, daktari Benjamin Warf alilinganisha shanti ya Kihindi ya dola 35 na ya kigeni ya dola 650. Baada ya mwaka mmoja hakuona tofauti ya maana kati ya watoto wa shanti moja na wa nyingine. Huko huko Mbale iliendelezwa njia ya kutumia kamera ndogo kufungua mlango wa maji ndani ya ubongo, ili baadhi ya watoto wasiwekewe mrija kabisa. Mtoto wa kijijini ambaye shanti yake ikiziba usiku hana gari la kumfikisha hospitali, ni heri asiwe na kitu cha kuziba.

Nirudi Great Missenden. Novemba 1962 surua iliingia shuleni kwa Olivia. Chanjo ya surua haikuwa imeanza kutumika. Palikuwa na dawa ya kinga iliyotolewa katika damu, lakini ilikuwa adimu, na shemeji yao mmoja aliyekuwa mtafiti wa tiba aliwapatia kiasi cha mtoto mmoja. Akapewa Theo. Kila mzazi angefanya hivyo. Theo ndiye aliyekuwa dhaifu wa nyumba ile. Olivia, mwenye afya, akaugua surua, ikaonekana inamwacha, kisha ikapanda kwenye ubongo. Alifariki tarehe 17 Novemba 1962, ana miaka saba. Umri ule ule wa Astri.

Katika nyumba yenye mtoto mgonjwa wa muda mrefu, macho yote huwa kwa yule mgonjwa. Wenzake hujifunza kutosumbua. Mpwa wangu ana dada wa miaka tisa anayejua kupima dawa ya degedege kwa bomba la sindano bila kumwaga hata tone, na watu humsifu. Mimi sifa hizo huniuma.

Dahl hakuweza kulizungumza jina la Olivia. Alipanda bustani ya mawe na maua madogo madogo juu ya kaburi lake, akajifungia. Ilimchukua zaidi ya miaka ishirini kulisema hadharani, alipoandika barua kwa wazazi kuwahimiza wachanje watoto wao, maana sasa chanjo ilikuwepo. Nasi tunayo, miezi tisa na miezi kumi na minane, bure katika zahanati, na bado kuna kinamama wanaoruka ile ya pili.

Msiba haukuisha hapo. Februari 1965 Patricia, akiwa na mimba, alipatwa na kiharusi Los Angeles, mishipa ya ubongo ikipasuka mara kadhaa. Alizimia wiki tatu. Alipozinduka hakuweza kutembea wala kusema, hata majina ya wanawe yalimpotea. Agosti alijifungua salama binti, Lucy. Nyumbani sasa kulikuwa na mtoto aliyeumia ubongo, watoto wadogo wengine, kichanga, na mama asiyeweza kushika kikombe sawasawa.

Hapa ndipo Dahl alipofanya jambo ambalo mimi naliweka juu ya valvu. Desturi ya madaktari wakati ule ilikuwa kumpa mgonjwa wa kiharusi mazoezi ya muda mfupi kwa siku. Dahl alisema haitoshi. Akaenda kwa majirani. Hakuwaomba pesa wala chakula; aliwaomba saa. Huyu aje saa moja asubuhi hii, yule saa inayofuata, mwingine jioni, wakae na Patricia wamsomeshe maneno, wacheze naye karata, wamsomee, wamsahihishe. Jumla kama saa sita kwa siku. Hawakuwa wauguzi. Walikuwa watu wa kijiji wenye alasiri tupu. Mmoja wao, Valerie Eaton Griffith, ndiye aliyeishika kazi ile kwa muda mrefu, akaandika kitabu juu yake mwaka 1970, na kutoka hapo ukazaliwa mpango wa watu wa kujitolea kwa wagonjwa wa kiharusi nchini Uingereza.

Patricia alimchukia mumewe wakati ule, na alikuwa na haki. Dahl alikuwa mkali kupita kiasi. Alimnyima kitu mpaka akitaje kwa jina lake. Lakini mwaka 1967 mwanamke yule alisimama mbele ya watu New York akahutubia katika hafla ya kusaidia watoto walioumia ubongo, na mwaka uliofuata alirudi kwenye filamu.

Tazama sasa hesabu ya nyumba ile. Jirani anayekuja kukaa na mama mgonjwa saa mbili hajamponya. Lakini kwa saa hizo mbili mwenye nyumba anaweza kuandika, kulala, kumtazama mtoto mwingine usoni. Katika miaka ile ya mikasa Dahl alichapisha vitabu viwili vilivyompa jina, mwaka 1961 na 1964, na kile cha chokoleti alimtunukia Theo.

Sisi Wapwani jambo hili la zamu hatuhitaji kufundishwa na Mzungu. Akifa mtu mtaani kwetu, kabla ya adhana inayofuata jamvi limetandikwa, sufuria zimeletwa, anayepika anajulikana, anayepokea wageni anajulikana, na mfiwa haachwi peke yake hata usiku. Harusi ndiyo usiseme. Lakini mtoto aliyelala miaka sita, anayelishwa kwa mrija wa pua na kushikwa na degedege, huyo ni wa mamake. Tunakwenda kumuona siku ya kwanza na maji ya matunda. Siku ya mia mbili hakuna mtu. Tukijaaliwa kwenda tena, tunakwenda na jina la mganga.

Sisemi watu wa Kisauni hawana huruma. Wanaogopa. Wanaogopa kumshika mtoto akawakazia mikononi, na wanaogopa kuuliza. Dada yangu naye anaogopa kumwacha. Shemeji yangu ni dereva wa malori ya masafa, siku kumi yuko Malaba na Kampala. Mtoto alipolazwa mara ya mwisho, hospitali ambayo sitaitaja, dada alikaa kwenye kiti cha plastiki usiku nne, na hakuna aliyemuuliza yeye amekula nini.

Kuna neno linalotisha watu, nalo ni hospisi. Ukilitaja mtu anasikia kaburi. Mwaka 1982 huko Oxford, mtawa wa Kianglikana, Frances Dominica, alifungua Helen House, nyumba ya kwanza ya hospisi ya watoto. Ilianza kwa sababu alikuwa amefanya urafiki na wazazi wa msichana mdogo, Helen, aliyebaki hajiwezi baada ya upasuaji wa ubongo, akawa akimchukua Helen siku chache ili wazazi wake walale. Kwa watoto wengi wa nyumba hizo kazi kubwa ni hiyo: mtoto anakuja wiki moja, anatunzwa na watu wanaojua dawa zake, mama analala, kaka na dada wanapelekwa matembezi, kisha anarudi kwao. Anaweza kuja na kurudi kwa miaka. Na akifika mwisho, anafikia mikononi mwa watu wanaomjua. Mombasa tunayo Coast Hospice, na kazi yake ya kutuliza maumivu inastahili heshima. Lakini kitanda cha kumpokea mtoto kama mpwa wangu kwa wiki moja ili mamake alale, mimi nimekitafuta pwani hii na sijakipata.

Dahl hakuwa mtakatifu. Alimwacha Patricia kwa ajili ya mwanamke mwingine, wakaachana mwaka 1983, na mwaka huo huo alitoa maneno ya chuki juu ya Wayahudi ambayo familia yake iliyaombea radhi mwaka 2020. Waliofanya naye kazi walimuona mgomvi. Alifariki Oxford tarehe 23 Novemba 1990, na akazikwa Great Missenden. Mwaka uliofuata mjane wake, Felicity, alianzisha shirika la hisani kwa jina lake, ambalo leo hugharamia wauguzi maalumu wa watoto wenye maradhi mazito. Muuguzi wa namna hiyo anamjua mtoto kwa jina, anaitika simu ya mama mwenye wasiwasi, na anawaeleza walimu wa shule nini cha kufanya mtoto akishikwa.

Muuguzi huyo sisi hatuna. Tulichofanya, mimi na kinamama watano wa chama cha dada yangu, ni kukaa barazani Jumapili moja na daftari. Dada alitufundisha dalili za shanti kuziba: kutapika kusikoeleweka, usingizi mzito, kilio kikali kisichonyamaza, homa, macho kutazama chini kama jua linalozama. Alituonyesha jinsi ya kumlaza ubavu akishikwa na degedege, tusimtie kitu kinywani, tutazame saa, na ikipita dakika tano tuwe njiani. Namba ya mwenye tuktuk imeandikwa ukutani. Jumatatu na Jumatano ni kinamama wawili wawili, kutoka alasiri hadi magharibi. Ijumaa baada ya swala ni mmoja na binti yake. Jumamosi ni mimi. Wiki ya kwanza dada hakutoka nyumbani, alikaa jikoni akitusikiliza. Wiki ya tatu alilala saa tatu mfululizo, na yule binti wa miaka tisa akaenda madrasa bila kuulizwa amebeba dawa ya nani.